Fahamu: Hatari za kununua ploti ya Kitengela mtandaoni

Matangazo ya ploti za Kitengela, Isinya na Kajiado mjini yamejaa Facebook na WhatsApp, na huwalenga hasa Wakenya walio ughaibuni, wasioweza kufika kuikanyaga ardhi yenyewe. Tapeli hahitaji mengi: picha za uwanda, nakala ya hatimiliki, na shinikizo kwamba arubuni ilipwe leo hii. Ploti moja huuziwa watu kadhaa, au mnunuzi huonyeshwa shamba la jirani. Uwanda wa Kajiado, kwenye picha, unafanana kila upande.

Hatimiliki pekee haitoshi. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati iliyotokana na ugawaji usio halali haimlindi hata mnunuzi asiye na hatia. Kajiado suala hili ni zito, kwani ardhi nyingi ilimegwa kutoka ranchi za pamoja za Wamaasai. Aidha, shamba la kilimo likiuzwa bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, mauzo ni batili.

Upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi, mpimaji wa kukagua bikoni na wakili wa mnunuzi mwenyewe hutangulia malipo yoyote.