Kiriba kinachojila chenyewe

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa nayo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000. Kanuni hizo, hata hivyo, ziliacha mlango wazi kwa vifungashio vya kilimo. Ndiyo maana ukiingia kwenye kitalu cha miche Kaniha, au kwingineko Biharamulo na Ngara, viriba vyeusi vya plastiki havikushangazi. Siku ya kupanda, kiriba huchanwa kwa wembe, mche ukaingia shimoni na plastiki ikabaki pembeni. Mvua huifukia. Msimu unaofuata jembe huifukua, imechanikachanika lakini haijaoza.

Kuoza haiwezi leo wala kesho. Kiriba hicho ni polithini, mnyororo mrefu wa kaboni iliyoshikana na kaboni, na vimeng'enya vya vijidudu vya udongoni havipati pa kuushika. Polima za jamii ya poliesta ni habari nyingine: zina viungo ambavyo maji huweza kuvikata, na lipasi, yaani vimeng'enya vya aina ile inayosaga mafuta tumboni mwetu, huharakisha kazi hiyo.

Suala gumu kwa anayetaka plastiki ijile yenyewe ni mahali pa kukiweka kimeng'enya. Kikipakwa juu, hula juu juu. Kikichanganywa ovyo ndani, hujikusanya mabonge, na plastiki humeguka vipande visivyoonekana kwa macho. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko mfuko mzima, kwani mfuko mzima angalau unaokoteka.

Aprili 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Ting Xu, walieleza njia yao katika jarida la Nature. Lipasi ilivishwa polima ya kuikinga, kisha ikatawanywa ndani ya plastiki iitwayo polikaprolaktoni kwa vipimo vya nanomita (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita). Kimeng'enya hakikufika hata asilimia 2 ya uzito. Katika maji ya nyuzi joto 40, kwa siku chache tu, hadi asilimia 98 ya plastiki iligeuka molekuli ndogo.

Siri iko kwenye umbo la kimeng'enya. Lipasi ya bakteria Burkholderia cepacia ina mfereji mwembamba wenye kina. Mnyororo huingia kwa ncha yake, ukaliwa kama muwa, pingili baada ya pingili. Lipasi ya kuvu Candida antarctica ina kinywa kilicho wazi, hukata popote inapogusa, na ikifika kwenye sehemu zenye fuwele hukwama.

Wapo pia wanaochora badala ya kuchanganya. Mwaka 1999 Chad Mirkin na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa ncha ya sindano ya darubini ya atomu inaweza kuandika kwa molekuli badala ya wino. Wino ukiwa kimeng'enya, utando wa plastiki huliwa palipochorwa tu. Kwa kiriba ningependa hivyo hasa: mistari michache kitakoni na ubavuni, ili mizizi ipate pa kutokea kabla ya kingine chote kuoza. Ila sindano hiyo huandika eneo dogo kuliko ukucha, basi kitaluni tusiingoje.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ndoo ya kumwagilia. Miche hukaa kitaluni kwa miezi ikinyweshwa, na maji hayo hayo ndiyo yanayokiamsha kimeng'enya. Kiriba kikianza kujila mwezi wa pili, mkulima amepata hasara. Polikaprolaktoni nayo huyeyuka karibu na nyuzi 60, jambo la kufikiriwa kwa kitu kitakachoanikwa juani. Plastiki ya asidi polilaktiki huvumilia joto zaidi, lakini jaribio lake la Berkeley lilifanywa kwenye mboji ya kiwandani ya nyuzi 50, na udongo wa shambani Biharamulo haufiki huko.

Kwa hiyo muuzaji akikuletea viriba "vinavyooza", muulize vilioza kwenye joto gani, kwa siku ngapi, na kilibaki nini: molekuli au vipande?