Je, Wajua? Umeme Unaotambua Herufi Moja Iliyokosewa

Je, wajua kwamba selimundu, ugonjwa unaowaliza watoto usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, unatokana na herufi moja tu? Vinasaba vya binadamu, yaani DNA, vina jozi za herufi zipatazo bilioni 3, na herufi zenyewe ni nne: A, T, G na C. Kwenye kromosomu ya 11, ndani ya jeni ya himoglobini, protini ya seli nyekundu za damu, mahali panapopaswa kusomeka GAG panasomeka GTG. Basi, ni hivyo tu. Seli nyekundu ya damu inajipinda kama mundu, na jina la ugonjwa likatoka hapo.

Je, wajua kwamba kosa hilo lina upande wake wa heri? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana huko Kenya herufi hiyo imeenea pwani na kando ya Ziwa Viktoria, penye malaria nyingi, kuliko nyanda za juu zenye baridi.

Je, wajua kwamba DNA hupimika kwa umeme? Emil Paleček aligundua hilo akiwa bado kijana mjini Brno, katika Chekoslovakia ya wakati huo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1960. Kati ya herufi zote nne, G ndiyo inayoachia elektroni kwa urahisi zaidi.

Je, wajua kihisi cha DNA kinavyotengenezwa? Kipande kifupi cha uzi wa DNA, ambacho herufi zake zinajulikana, hubandikwa juu ya dhahabu. Gundi yake ni salfa iliyowekwa kwenye ncha ya uzi, kwa kuwa salfa na dhahabu zikikutana hushikana. Kisha huletwa uzi kutoka kwa mtu anayepimwa. Nyuzi mbili hukumbatiana, A kwa T, G kwa C.

Sasa hapa ndipo penye ajabu. Umewahi kuona watu waliojipanga kwenye ujenzi wakirushiana matofali, mkono kwa mkono, hadi juu ya jengo? Elektroni husafiri hivyo hivyo kupitia jozi za herufi zilizopangana vizuri. Jozi moja ikikosana, ni kama mtu mmoja katikati ya foleni amegeuka pembeni: tofali haliendi mbele. Mkondo wa umeme unashuka, na mpimaji anajua kuna herufi iliyokosewa. Jacqueline Barton na wenzake wa chuo cha Caltech, Marekani, walilithibitisha hilo mwaka 1999. Mimi naliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo kemia imetupa.

Je, wajua kwamba rangi ya buluu ya methilini, inayotumiwa sana kupokea elektroni hizo, iliwahi kuwa dawa ya malaria? Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa rangi hiyo mjini Berlin mwaka 1891.

Je, wajua kwamba kipimo cha sukari cha kidoleni nacho ni kihisi cha umeme? Wazo lake lilianza na Leland Clark mwaka 1962. Ndiyo sababu watafiti wanaamini hata kihisi cha DNA kinaweza kutosha kiganjani, bila mashine kubwa.

Mbona basi hakijafika zahanati? Kwa sababu tone la damu lina DNA kidogo mno. Mara nyingi hulazimu itolewe kwenye seli na kuzidishwa kwanza. Tena protini za damu hung'ang'ania dhahabu na kuvuruga usomaji. Kazi kubwa bado iko maabara.

Lakini usisubiri. Vipimo vya selimundu vinavyosoma himoglobini yenyewe vipo leo, na mtoto akigunduliwa mapema penisilini humkinga na maambukizi yanayoua wengi wakiwa wachanga. Wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vya AS, yaani kila mmoja alirithi herufi iliyokosewa kwa mzazi mmoja tu, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye SS, yaani mwenye selimundu. Wewe unayejiandaa kuoa au kuolewa, nenda na mwenzako mkapime.