Gari linanguruma? Lisikilize kabla ya kulipa fundi

Mzazi, kesho ukiwapeleka watoto shule zima redio. Na yule wa kiti cha nyuma akisema, "Mama, gari linalia," usimnyamazishe. Beringi ya gurudumu la nyuma ikichakaa, yeye huisikia kabla yako.

Beringi ni pete mbili za chuma, katikati kuna gololi zinazozunguka ndani ya grisi. Ukipita mara kwa mara kwenye maji yaliyofurika barabarani na sili imechoka, maji na mchanga huingia, grisi huharibika, chuma huanza kusaga chuma. Mashimo nayo huimaliza taratibu.

Sauti yake ni mngurumo mzito, kama ndege iliyo mbali, na hupanda kadiri gari linavyoongeza mwendo. Kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, ondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikitulia na mngurumo ukabaki, tatizo liko kwenye magurudumu. Inaweza kuwa tairi lililolika vibaya, lakini sauti ya tairi hubadilika sana ukitoka lami laini kuingia ya kokoto. Kisha sikiliza kwenye kona. Ukikata kushoto, uzito huegemea kulia. Mngurumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia.

Kugonga "tak-tak-tak" unapokunja usukani hadi mwisho ni kitu kingine, mara nyingi jointi ya ekseli. Mlio mkali ukikanyaga breki, angalia pedi. Usikubali kuuziwa beringi kwa sauti hizo.

Gereji, simama uone. Fundi ainue gari, aliweke kwenye stendi, ashike tairi juu na chini alitikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Likiacha kucheza, beringi imekwisha; likiendelea, aangalie boljointi. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano, na fundi anayekikataa mimi nisingempa gari langu. Lisipocheza kabisa, alizungushe huku mkono mmoja ukiwa kwenye springi: beringi mbovu husikika ikikwaruza vidoleni.

Mngurumo mdogo unakupa muda wa kutafuta pesa, japo si miezi. Lakini tairi likishaanza kucheza, au habu ikawa ya moto kupita wenzake baada ya safari fupi, gari lilale. Watoto wapande daladala. Beringi ikivunjika mwendoni, gurudumu linaweza kuchomoka.