Chembe Nyeupe Zinapotoka Mshipani

Mtoto anayechunga mbuzi vichakani Kwa Vonza, Kitui, akichomwa na mwiba wa mgunga, ngozi huwa nyekundu, hupata joto na kuvimba. Mwiba usipotolewa, kesho au kesho kutwa panatunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizofia kazini. Lakini mshipa wa pale haukupasuka, na damu karibu haikutoka. Chembe hizo zilipitia wapi?

Mwaka 1867 Julius Cohnheim, mtafiti kijana wa Berlin, alitandaza utando wa utumbo wa chura chini ya darubini akakaa kuutazama. Aliona chembe nyeupe zikipunguza mwendo na kujipanga kando ya ukuta wa mshipa mdogo. Kisha kinundu kilitokeza upande wa nje, kikakua, mpaka chembe nzima ikawa nje. Mwalimu wake mashuhuri, Rudolf Virchow, alikuwa akifundisha kwamba usaha huzaliwa na seli za palepale penye kidonda. Chura alionyesha vingine.

Hatua zenyewe sasa zinajulikana. Seli za ukuta wa ndani wa mshipa zikipata habari ya madhara, hutokeza protini za kunasa. Chembe inayokwenda na damu hunaswa, hubiringika, huachia, hunaswa tena. Halafu protini zake zenyewe, ziitwazo integrini, hukaza, nayo husimama. Hadi hapo bado inaweza kujibandua na kwenda zake. Hatua ya kujipenyeza kati ya seli mbili za ukuta ndiyo ambayo ikianza ni nadra kurudi nyuma, na ndiyo William Muller aliyoishughulikia kwa miongo kadhaa, kwanza New York kisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago.

Mwaka 1993 Muller na wenzake walionyesha kazi ya protini ya PECAM, inayokaa mipakani mwa seli za ukuta. Walipoiziba kwa kingamwili, chembe nyeupe zilibaki juu ya ukuta, zikiwa zimeshika vizuri ila haziingii. Mwaka 2002 wakaziba nyingine, CD99, na safari hii chembe zilikwama katikati: kichwa kimeshapita, mkia bado uko mshipani. Mwaka uliofuata wakagundua kwamba seli ya ukuta huweka akiba ya utando karibu na mpaka wake, na huusogeza mahali hasa ambapo chembe inapita. Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kwa muda mrefu mshipa ulichukuliwa kama bomba tu, kumbe ukuta wake una kazi ya bawabu: humwona mgeni, humpima, humfungulia.

Wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila integrini timamu. Kitovu chao huchelewa kudondoka, hata zaidi ya wiki tatu. Ngozi na fizi huoza kwa maambukizi, na vidonda havitungi usaha. Ukipima damu yao unakuta chembe nyeupe tele, kupita kiasi cha mtu mwenye afya. Zimejaa humo kwa kuwa hazina namna ya kutoka.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wasiichukue namba ya chembe nyeupe iliyo kwenye fomu ya maabara kuwa kipimo cha nguvu ya kinga. Ile ni hesabu ya chembe zilizokuwa zikipita wakati sindano inaingia. Kati ya neutrofili, kundi kubwa kuliko yote, karibu nusu ya zile zilizomo mishipani zimejibana ukutani na sindano haizichoti. Vidonge vya prednisoloni huzibandua, namba ikapanda bila maambukizi yoyote.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Watu wengi wa Afrika Mashariki hawana protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu, na ndiyo ambayo malaria aina ya vivax huishika ili iingie. Kinga wanayoipata kwa kukosa protini hiyo ilielezwa mwaka 1976. Mwaka 2009 ilibainika kwamba tofauti ya jeni inayoiondoa protini hiyo hushusha idadi ya neutrofili katika damu, na utafiti wa 2017 ukaonyesha kwamba neutrofili za watu hao huhama damu kwenda kwenye tishu kwa wepesi zaidi. Vipimo vya watu wazima wenye afya huko Kericho, vilivyochapishwa 2008, vilitoa viwango vya chini kuliko vya Marekani. Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kwa Vonza mwenye chembe nyeupe 3,400 katika kila mikrolita ya damu, hemoglobini nzuri na mwili usio na homa, asianzishiwe antibiotiki kwa sababu ya fomu. Arudie kipimo baadaye, aitunze namba yake.

Hata hivyo, Kitui si mahali pa kupuuza kila namba iliyoshuka. Kala-azar ilizuka wilayani humu kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na watafiti waliokuja, wakiwemo R. B. Heisch na baadaye Southgate na Oriedo, waliuhusisha ugonjwa na vichuguu, ambamo usubi aina ya Phlebotomus martini hujificha mchana. Katika ugonjwa huu chembe nyeupe hugeuziwa kazi yake. Mwaka 2008 Nathan Peters, David Sacks na wenzao huko Marekani walitazama ngozi ya panya walioumwa na usubi wenye lishmania, vimelea vya jamii inayoleta kala-azar. Neutrofili zilitoka mishipani upesi na kwa wingi, zikameza vimelea, navyo vikaendelea kuishi ndani yake. Panya walioondolewa neutrofili mapema walikuwa na ugonjwa hafifu zaidi. Vimelea hivyo vilikuwa vya lishmania ya ngozi, tofauti na vya Kitui, lakini vyote huishia kukaa ndani ya chembe nyeupe.

Kala-azar ikikomaa, vimelea hujaa katika wengu, ini na uboho, na chembe nyeupe hazishuki peke yake: hemoglobini na chembe sahani hushuka nazo. Homa hupita wiki mbili, tumbo hujaa upande wa kushoto kwa wengu uliovimba, na mwili hukonda. Asipotibiwa, mgonjwa karibu kila mara hufa. Mwenye dalili hizi aombe kipimo cha haraka cha rK39, kinachohitaji tone la damu ya kidoleni, na amweleze mhudumu kwamba anatoka sehemu yenye vichuguu. Akikutwa na ugonjwa, sindano za sodiamu stibogluconeti pamoja na paromomaisini, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa Afrika Mashariki mwaka 2010, huchomwa kwa siku 17.