Ukuta wa Korido

Ndugu wengi tulio nje tumewahi kutuma nyumbani picha ya namna hii: fleti ndogo ya mjini, ukuta kati ya jiko na sebule umetolewa, mwanga umeenea hadi pembeni. Yangu ilikuwa ya hapa Reading, Uingereza. Nilimtumia fundi anayemtengenezea mama nyumba yake Same mjini, nikamwandikia kwamba nataka iwe hivyo hivyo.

Jioni yake akanipigia kwa video. Alipanda ngazi, akaingiza kichwa kwenye tundu la dari, akawasha tochi. Nikaziona kenchi, mbao zilizopauka kwa vumbi, kila moja ikiwa vipande viwili vilivyoungwa, na kiungo kimekalia ukuta uleule wa korido niliotaka uvunjwe.

"Umeona, dada? Huu haugawi vyumba tu. Umebeba paa."

Tangu siku hiyo nimetaka kuelewa kwa nini kwenye fleti yangu ukuta ulitoka kirahisi hivyo, na kwa nini Same mambo ni tofauti.

Kule Ulaya jambo lilianzia kwenye zege. Mwaka 1914 mbunifu wa majengo Le Corbusier alichora mfumo alioupa jina Dom-Ino: sakafu za zege, nguzo chache na ngazi. Uzito wote ukishushwa na nguzo, ukuta wa ndani haubebi kitu; unaweza kuuweka unapotaka au usiuweke kabisa. Hata hivyo jiko liliendelea kufungiwa. Mwaka 1926, Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za bei nafuu za Frankfurt, mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu mkono unakifikia. Lilikuwa jiko zuri, lakini chumba cha peke yake. Ili mtu apikie mbele ya wageni, ilibidi kwanza moto wa kuni na makaa uondoke, gesi na umeme viingie, na maji yafike ndani kwa bomba. Picha za magazetini hazionyeshi hayo.

Nasi Wapare tulishaishi bila kuta za ndani. Nyumba ya msonge ya milimani ilikuwa na mafiga, watu na mbuzi chini ya paa moja la nyasi. Moshi uliokausha mahindi juu ya moto ndio huohuo uliowasha macho ya bibi zetu. Kwa baridi na ukungu wa Chome au Mbaga, moto wa katikati ulikuwa uhai. Nyumba za pembe nne, zenye vyumba na madirisha, zilienea baada ya wamisionari Walutheri wa Leipzig na Wasabato kujenga vituo vyao Upare mwanzoni mwa miaka ya 1900. Bondeni, mji ulipokua kandokando ya reli na barabara ya Moshi, ikashika ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, jiko na choo uani. Ramani hiyo ina akili sana. Kila chumba kina mlango wake, kwa hiyo mama mjane anaweza kupangisha viwili na kusomesha watoto kwa kodi. Mama yangu alifanya hivyo. Giza la korido lile ndilo lililonilipia ada, na naliheshimu hata ninapotaka liondoke.

Suala la jiko lilikuwa gumu kuliko paa. Mama aliuliza swali moja tu: "Makande nitapikia wapi?" Mahindi makavu na maharage yanataka saa kadhaa motoni. Ukiyapikia gesi, mtungi unaisha kabla ya wakati wake. Ukiyapikia mkaa sebuleni, umerudisha moshi wa msonge. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo lake ni Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini ramani ya nyumba inachorwa kwa chakula kinachopikwa leo, kwa hiyo jiko la uani tuliliacha, tukalipaka chokaa na kulipanulia dirisha.

Kwenye mwanga nilikosea zaidi. Reading ipo nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Wakati wa baridi jua hupita chini, na kila kioo cha ziada ni neema. Same ipo nyuzi 4 tu kusini. Saa sita mchana jua liko karibu utosini, na kinachochoma nyumba ni jua la asubuhi na la jioni. Kioo kikubwa nilichokitaka upande wa magharibi kingegeuza sebule kuwa tanuri. Fundi aliweka madirisha mawili yanayotazamana, kaskazini na kusini, chini ya upenu mrefu. Upepo wa Same, ambao kila mtu anaulalamikia kwa vumbi, sasa unapita ndani moja kwa moja, na wavu unauchuja.

Ukuta haukuvunjwa wote. Walisimamisha mirunda chini ya kenchi, wakatoboa nafasi ya futi nane, wakafunga nondo na kumwaga linta iliyokalia matofali inchi tisa kila upande. Zege lilimwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na mirunda haikuguswa hadi siku ya 28. Nilisumbua kila siku kuuliza kama wamemwagilia. Same maji yalikuwa ya kuhesabu ndoo kwa miaka mingi, watu wakiusubiri mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na fundi akiishiwa maji hujaribiwa kuliacha zege likauke lenyewe.

Mirunda ilipotolewa, kaka alinitumia video bila maneno. Mlango wa mbele uko wazi, mwanga wa uani umefika hadi kwenye kochi, na mama ameketi kwenye kigoda pale ukuta ulipokuwa, ungo mapajani, anachagua maharage.