Ukifika London, kautazame ukuta wa Fulham

Kiangazi kikiingia, nusu ya Muscat na robo ya Dubai huhamia London. Utawakuta Hyde Park asubuhi, Edgware Road usiku, na katikati ya hapo madukani. Sina ubaya na hayo. Lakini safari hii chukueni treni ya District hadi Putney Bridge, mtembee kidogo kando ya mto Thames mpaka Fulham Palace. Kuingia ni bure, na watoto wana pa kukimbia.

Hili lilikuwa jumba la maaskofu wa London. Ardhi ilikuwa yao tangu karne ya 8, na wa mwisho kuishi hapo aliondoka miaka ya 1970. Ndani ya kiwanja kuna bustani iliyozungushiwa ukuta wa matofali, na usidhani ukuta ule ni wa kuzuia wezi tu. Tofali hunywa joto la jua mchana, usiku likalitoa taratibu. Upepo nao haupiti. Basi ndani kunakuwa na uvuguvugu ambao nje haupo, na mimea ya nchi za mbali ikapata pa kuishi. Askofu Henry Compton, aliyeshika cheo 1675 hadi 1713, aliletewa mbegu na miche kutoka Amerika, na magnolia ya kwanza kupandwa Ulaya inasemekana ilikuwa yake.

Kilichonishika mimi ni zidaka. Naam, zidaka! Katika sehemu ya ukuta iliyobaki tangu enzi za Tudor, kama miaka 500 sasa, kuna vishubaka vya kuwekea mizinga ya nyuki, ile ya kusukwa kama kikapu. Nyuki wapate hifadhi ya mvua, miti ya matunda ipate wachavushaji.

Maaskofu walipoondoka bustani ilichakaa. Baadaye zikapatikana fedha, zikiwemo za bahati nasibu ya taifa, banda la kioo la mizabibu likajengwa upya na vitanda vya mboga vikarudi.

Sasa tuje kwetu. Mafundi wa majengo ya kale Uingereza wanaogopa saruji kuliko mvua. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa chokaa, nayo chokaa inapumua: unyevu unaingia, unatoka. Ukiziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na uso wa tofali unabanduka. Mawe ya matumbawe ya Mji Mkongwe yanaumwa ugonjwa huo huo. Wangapi kati yetu tumetuma pesa nyumba ya bibi "ipigwe plasta", tukafurahia picha ya WhatsApp, na baada ya masika mawili ukuta umevimba? Fundi wa chokaa ni ghali na anachelewa, najua. Muulizeni hata hivyo.

Na kuna jambo dogo la kuwasimulia watoto mkiwa pale. Sultani Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875. Inasemekana kuta za bustani alizoziona huko ndizo zilizompa fikra ya ukuta wa Marhubi, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Jumba la Marhubi liliungua 1899. Nguzo na hamamu bado zipo.