Tanuri Lisiloguswa kwa Mkono: Utafiti na Ukarabati katika Mtambo wa JET

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, ufa huzibwaje iwapo ukuta wenyewe haukaribiwi na binadamu? Swali hili liliwakabili kwa muda mrefu wanasayansi na mafundi wa mtambo wa JET, uliojengwa kwa ushirikiano wa mataifa ya Ulaya huko Culham, karibu na mji wa Oxford nchini Uingereza. Mtambo huo uliwashwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1983 na kwa mara ya mwisho tarehe 18 Desemba 2023. Kati ya siku hizo mbili majaribio 105,842 yalifanywa. Aghalabu wanaousimulia husifu joto lake na kawi iliyozalishwa ndani yake. Makala haya yananuia kueleza upande usiosifiwa sana, yaani jinsi utafiti huo ulivyotegemea kazi ya ukarabati.

Tokamaki ni nini?

Neno tokamaki lina asili ya Kirusi. Ni kifupisho cha maneno yenye maana ya chumba cha umbo la pete chenye koili za sumaku. Chombo hiki kilibuniwa na wanasayansi wa Muungano wa Kisovieti katika miaka ya 1950. Walipotangaza mwaka wa 1968 kwamba wamefikia joto kubwa mno, wenzao wa Magharibi walishuku. Mwaka wa 1969 kikundi cha wanasayansi kutoka Culham kilikwenda Moscow kikiwa na vifaa vya leza, kikapima joto hilo na kuthibitisha kwamba Warusi walisema kweli. Tangu hapo tokamaki zikaenea katika nchi nyingi.

Kazi ya tokamaki ni kuunganisha viini vya atomu. Ikumbukwe kwamba vinu vya nyuklia vinavyozalisha umeme leo hufanya kinyume chake: hupasua viini vizito. Katika tokamaki, aina mbili za haidrojeni, dyuteriamu na tritiamu, huungana na kuwa heliamu, na katika kuungana huko hutoa kawi nyingi. Ndugu wa mchakato huu ndio unaoliwezesha jua kuwaka. Tatizo ni kwamba viini husukumana, kwa hivyo havikaribiani mpaka viende kwa kasi kubwa, na kasi hiyo hutokana na joto. Jua husaidiwa na uzito wake mkubwa, nalo huunganisha viini kwa joto la nyuzi zipatazo milioni 15. Duniani hakuna uzito wa namna hiyo. Hivyo basi JET ililazimika kufikia nyuzi milioni 150.

Katika joto kama hilo gesi hugeuka kuwa plazima, ambayo baadhi ya wanaistilahi wa Kiswahili huiita utegili. Hakuna chungu kiwezacho kuibeba. Hata hivyo, kwa kuwa chembe zake zina chaji ya umeme, sumaku zenye nguvu huweza kuizungusha ndani ya pete bila kuacha iguse ukuta. Umeme uliohitajika ulikuwa mwingi kiasi kwamba gridi ya taifa peke yake haikutosha. Magurudumu mawili makubwa, kila moja likiwa na uzito wa tani 775, yalizungushwa polepole mpaka yakashika kasi, kisha yakaachilia kawi yake kwa sekunde chache za jaribio.

Kwa nini mkono haufiki

Viini vinapoungana hutoa pia nyutroni, na nyutroni hizo hubeba takriban asilimia 80 ya kawi yote. Kwa vile hazina chaji, sumaku haziwezi kuzizuia. Hupenya mpaka kwenye chuma cha mtambo na kukifanya kitoe mnururisho. Isitoshe, tritiamu yenyewe hutoa mnururisho, na vumbi la berili, madini yaliyotumiwa humo, ni sumu kwa mapafu. Kadiri majaribio yalivyofaulu, ndivyo mtambo ulivyozidi kuwa hatari kwa fundi aliyetaka kuingia kuukarabati.

Suluhisho lilikuwa mashine iitwayo MASCOT, yenye mikono miwili ya chuma, iliyoingizwa ndani ya chumba ikiwa kwenye ncha ya mhimili mrefu. Mwendeshaji aliketi katika chumba kingine mbele ya runinga, akishika mikono mingine inayofanana na ile ya ndani. Alipokaza parafujo, mikono ya ndani ilikaza; parafujo ilipogoma, aliuhisi ugumu wake mikononi mwake. Kwa hiyo hakutegemea macho pekee, bali pia hisi ya kugusa ambayo fundi yeyote wa chuma huitegemea.

Uwezo huu ulidhihirika mwaka wa 1998. Mwaka uliotangulia, JET ilikuwa imetumia tritiamu na kufikia kilele cha megawati 16 za kawi ya muungano, ilhali ilipashwa joto kwa megawati 24. Baada ya majaribio hayo, mfereji wa kutolea taka ulio chini ya chumba ulibadilishwa kwa mashine hiyo bila mtu kuingia ndani.

Ukuta uliobadilishwa

Kazi kubwa zaidi ilianza mwaka wa 2009. Ukuta wa JET ulikuwa umefunikwa kwa vigae vya kaboni. Kaboni huvumilia joto, lakini ilibainika kwamba hufyonza tritiamu. Mtambo wa kibiashara haungeweza kukubali fueli adimu na yenye mnururisho ipotelee ukutani. Hivyo maelfu ya vigae yaliondolewa, na mahali pake vikawekwa vya berili na tangsteni. Mwaka wa 2011 mtambo uliwashwa tena, na fueli iliyobaki ukutani ikapungua mara kumi au zaidi.

Hata hivyo, kila dawa ina ukali wake. Chembe kidogo tu za tangsteni zikiingia katika plazima huipoza, kwa hiyo watafiti walilazimika kujifunza upya namna ya kuuendesha mtambo waliodhani wanaufahamu. Subira yao ilizaa matunda. Mwaka wa 2021 walipata megajuli 59 kwa sekunde tano, na tarehe 3 Oktoba 2023 wakapata megajuli 69 kutokana na miligramu 0.2 za fueli. Kwa kipimo cha mita ya umeme nyumbani, hizo ni kama yuniti 19. Ni kidogo, tena kawi iliyotumiwa ilikuwa kubwa kuliko iliyopatikana. Lakini uzito wa fueli hiyo haufikii hata wa punje moja ya mchele.

Hitimisho

Siku ya mwisho, watafiti waliuelekeza kwa makusudi mwale wa elektroni kwenye ukuta wa ndani ili wajifunze jinsi unavyodhurika. Waliokuwa wameulinda ukuta huo kwa miaka mingi waliuumiza ili majeraha yake yawe funzo kwa mitambo ijayo, ukiwemo ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Kazi ya kuivunja JET inatarajiwa kuendelea hadi karibu mwaka wa 2040, nayo pia hutegemea mikono ya chuma. Ni dhahiri, basi, kwamba swali la kawi ya muungano si la fizikia peke yake. Mtambo utakaowaangazia watu nyumba zao hautafaa kitu iwapo utaweza kuwaka lakini hauwezi kukarabatiwa. Atakayeziba ufa wake bila kuugusa ana sehemu katika ugunduzi huo sawa na atakayeuwasha.